Atestasio iko kwenye dosie. Mkataba ameusoma nani?

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu limeandika mara nyingi juu ya asiransi ya gari, na ni haki, maana ndiyo polisi anayoiuliza barabarani. Tunaomba nafasi tuseme juu ya asiransi ambayo hakuna polisi anayeiuliza: bima ya dhima ya kazi, ile inayolipa pale kazi yako, ushauri wako au mtu uliyemtuma anapomletea mwingine hasara. Sisi tunaoandika tunafanya kazi ya kuandaa mikataba hiyo hapa Lubumbashi, na tunaona inavyonunuliwa vibaya.

Tangu sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017 iweke kazi za sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inazigawia kampuni nyingine, kwa makampuni yenye mtaji wa Wakongomani, mafundi umeme, wachomeleaji, wasafirishaji, wapima ardhi na watu wa usafi wanaomba zabuni kwenye migodi ya huku na ya upande wa Kolwezi. Kwenye orodha ya hati, pamoja na RCCM (namba ya daftari la biashara), namba ya kodi na karatasi ya CNSS (hifadhi ya jamii), wanaombwa pia atestasio, yaani karatasi ya uthibitisho, ya asiransi ya RC, yaani dhima kwa watu wengine. Mtu anakimbia mjini, analipa, anapewa ukurasa mmoja wenye muhuri, anautia kwenye dosie. Mkataba wenyewe, kurasa nyingi za Kifaransa cha herufi ndogo, unaishia kwenye droo. Tumeona wenye kampuni ambao hata hawajawahi kupewa nakala ya masharti ya jumla, na hawakuiuliza.

Atestasio inataja jina lako, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, pengine na kiasi. Haisemi kitu gani hakilipwi. Haisemi kama umelipa awamu ya pili. Katika mikataba mingi, ada ikigawanywa mara mbili na wewe ukachelewesha ile ya Julai, ulinzi unasimamishwa, lakini karatasi iliyoko kwenye dosie bado inaonyesha Desemba 31. Mteja anaamini, wewe mwenyewe unaamini, na siku hasara ikitokea Agosti ndipo wote mnajua.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia kinasema kila tendo la mtu linalomdhuru mwingine linamlazimu aliyekosa kurekebisha madhara hayo. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 kinakwenda mbali zaidi: unawajibika kwa watu ulio nao kazini na kwa vitu unavyovitunza, bwana kwa wafanyakazi wake, fundi kwa wanafunzi wake wa kazi. Kijana uliyempokea wiki iliyopita kujifunza akiacha valvu wazi, aliyewajibika ni wewe. Na kama biashara yako imeandikishwa kama établissement, yaani biashara ya mtu mmoja, hakuna ukuta kati ya duka na nyumba yako: deni la kazi linaweza kufika hadi kwenye parseli, yaani kiwanja, unayolala. Kampuni ya SARL, chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, zinazotumika kwetu tangu 2012, inampa mwenye hisa kinga hadi mtaji aliouweka, ila haimkingi meneja kwa makosa yake ya uongozi, wala haimwondolei dhima mtaalamu aliyetia sahihi yake kwenye mchoro au ripoti.

Hadi juzi juzi mtu angeweza kusema hakuna pa kununua isipokuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali. Hali hiyo ilianza 1966. Sheria namba 15/005 ya Machi 17, 2015 ndiyo iliyofungua soko, mamlaka ya ARCA ikawekwa kulisimamia, na tangu 2019 makampuni binafsi yanapewa leseni. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya bei: hakikisha kampuni unayoilipa iko kwenye orodha ya ARCA, na wakala anayekuletea mkataba naye pia. Bima ya hatari iliyoko Kongo inapaswa kuchukuliwa kwa kampuni yenye leseni ya Kongo. Anayekuuzia kwa simu mkataba wa kampuni ya nje anakupa karatasi ambayo mahakamani hapa itakuletea matatizo badala ya msaada.

Sasa tuingie ndani. Kinachoitwa RC kina sura mbili, na watu wengi wana moja wakidhani wana zote.

Sura ya kwanza ni dhima ya shughuli. Inalipa mwili wa mtu uliojeruhiwa na mali iliyoharibika wakati mnafanya kazi: ngazi imemwangukia mpita njia, maji yamefurika ofisi ya jirani, cheche imechoma depo. Sura ya pili ni dhima ya kitaalamu. Inalipa hasara ya pesa tupu inayotokana na kosa la akili: hesabu mbaya, ushauri mbaya, tarehe iliyosahauliwa. Mpima ardhi akiweka mawe ya mpaka mita 3 ndani ya parseli ya jirani huko Annexe, hakuna mtu aliyeumia na hakuna kitu kilichovunjika. Lakini mteja amejenga ukuta, jirani amekwenda mahakamani, ukuta unabomolewa, mradi umesimama miezi. Bima ya dhima ya shughuli haitatoa hata franka moja hapo, kwa sababu inalipa hasara ya pesa ikiwa tu imefuata jeraha au uharibifu wa mali. Katika mkataba wa Kifaransa tafuta maneno « dommages immatériels non consécutifs ». Kama mbele yake pameandikwa kiasi, una ulinzi wa kiasi hicho. Kama pameandikwa sifuri au maneno hayo yako kwenye ukurasa wa yasiyolipwa, wewe mhasibu, mpima ardhi, mshauri, mtengenezaji wa programu au mwanasheria huna bima ya kazi yako. Una bima ya mtu kuteleza kwenye sakafu ya ofisi yako.

Kwa mtu wa forodha wa Kasumbalesa hali inafanana. Akikosea namba ya bidhaa kwenye tangazo la forodha, faini ya DGDA, ofisi ya forodha, iliyoandikwa kwa jina lake hailipwi na bima yoyote ya maana, kwa kuwa adhabu haikatiwi bima. Lakini hasara ya mteja ambaye malori yake yamelala mpakani siku kumi yakilipiwa kila siku, hiyo inaweza kulipwa, ikiwa ni dhima ya kitaalamu na ikiwa kazi ya forodha imetajwa kwenye mkataba. Mhasibu naye: tangazo la TVA (kodi ya ongezeko la thamani) linatakiwa kufika DGI, ofisi ya kodi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akilisahau, mteja anapigwa ongezeko. Mikataba mingine inalichukulia ongezeko hilo kama hasara ya mteja, mingine inalikataa kwa kulihesabu pamoja na faini. Usinunue kabla hujapata jibu la maandishi juu ya neno hilo moja.

Wenye gereji na wachomeleaji tunataka kukaa nao kidogo zaidi, kwa sababu makosa yao yanagharimu sana na bima zao zina mitego mingi.

Gari la mteja lililoingia gerejini kwako si mali ya mtu mwingine kwa macho ya bima ya dhima ya kawaida. Ni mali uliyokabidhiwa, na mali uliyokabidhiwa huwa haimo. Inabidi kuiongeza kwa jina, « biens confiés », na kiasi kinacholingana na magari yanayolala humo usiku mmoja. Ukiwa na magari sita yenye thamani ya dola 8.000 kila moja, kiasi cha dola 10.000 hakina maana: moto hauchagui gari moja. Kulijaribu gari barabarani baada ya matengenezo ni jambo jingine tena, linahitaji asiransi ya gari ya gereji, si ya dhima. Halafu kuna kazi iliyokwisha kutoka. Umefunga magurudumu, nati hazikukazwa kwa kipimo, gari limekwenda hadi njia ya Likasi na gurudumu limechomoka. Ajali haikutokea gerejini wala wakati wa kazi. Bila kipengele cha dhima baada ya kukabidhi kazi, « RC après livraison », ulinzi wako uliishia pale mteja alipotoka getini. Hata ukiwa nacho, bima italipa mtu aliyeumia na gari lililovunjika. Haitalipa nati mpya wala saa za kurudia kazi yako. Kurudia kazi mbaya ni gharama ya fundi katika kila mkataba tuliowahi kuushika, na ni sawa iwe hivyo.

Mchomeleaji anaitwa kukata bomba kwenye depo. Cheche ya kukatia chuma inaruka mita kadhaa, inaingia chini ya gunia au kwenye mwanya wa ukuta, inakaa ikifuka pasipo moto kuonekana, na moto unakuja kuwaka fundi akiwa ameshafika nyumbani Katuba. Ndiyo maana mikataba ina sharti la kazi za moto. Kanuni ya Marekani ya NFPA 51B inataka vitu vinavyoshika moto viondolewe au vifunikwe hadi mita 11 kuzunguka, na mtu abaki akiangalia kwa saa 1 baada ya kazi. Zamani ilikuwa nusu saa, ikaongezwa kwenye toleo la 2019. Desturi ya Kifaransa, ambayo mikataba yetu inaifuata, inaomba hati ya ruhusa ya kazi za moto iliyotiwa sahihi kabla ya kuanza, na ulinzi wa saa 2 baadaye. Soma mkataba wako unasema ngapi, kisha ufuate hiyo. Kizima moto kiwe karibu na mkono, kimejaa, na tarehe yake haijapita. Hati ya ruhusa iandikwe saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jina la aliyebaki kuangalia na saa aliyoondoka. Iwe kwenye daftari lenye kopi. Moto ukitokea, eksperti wa bima ataiomba hati hiyo kabla hajauliza swali jingine, na hati iliyoandikwa baada ya moto inajulikana kwa macho.

Jambo ambalo hata wataalamu wenye diploma hawalijui ni tarehe. Kuna mikataba inayojibu kwa tukio: kosa lilipofanyika au hasara ilipotokea, mkataba wa siku hiyo ndio unaolipa, hata barua ya madai ikija baada ya miaka. Na kuna mikataba inayojibu kwa dai: unaolipa ni ule ulio hai siku barua inapokufikia. Dhima ya kitaalamu karibu yote inauzwa kwa njia hii ya pili, hapa na ng'ambo pia.

Tuchukue injinia aliyechora dali, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa mwaka 2022. Mwaka huo alikuwa na bima kwa kampuni ya kwanza. Mwisho wa 2023 akahama, akaenda kwa ya pili kwa sababu ilikuwa nafuu kwa dola 200. Machi 2025 dali imepasuka na barua imefika. Kampuni ya kwanza inasema: mkataba wetu ulikwisha, dai halikuja wakati wetu. Ya pili inasema: mkataba wetu uko hai, lakini tarehe ya nyuma tuliyokubali, ambayo kosa la kabla yake hatulilipi, ni Januari 1, 2024, na mchoro ni wa 2022. Wote wawili wanasema kweli. Amelipa ada miaka yote na hana wa kumlipia.

Dawa yake ni nyepesi ikiwa imefanywa mapema. Unapohama kampuni, sisitiza iandikwe kwamba kampuni mpya inachukua yaliyopita, kuanzia tarehe ileile ya zamani kabisa uliyokuwa nayo. Neno lao ni « reprise du passé ». Usiache hata siku moja tupu kati ya mkataba na mkataba. Kampuni mpya itachukua tu makosa ambayo hukuyajua: kama mteja alishakunung'unikia kwa ujumbe wa WhatsApp kabla hujatia sahihi, jambo hilo lipeleke kwa kampuni ya zamani kwa maandishi kabla mkataba wake haujaisha, hata kama bado hakuna barua ya mwanasheria wala kiasi kilichotajwa. Na unapofunga kazi, iwe kwa kustaafu au kwa kuhama mji, omba ulinzi wa baadaye, « garantie subséquente », unaopokea madai kwa miaka fulani baada ya mkataba kufungwa. Kwa majengo, mjenzi na mchoraji wanafuatwa kwa miaka 10 kwa kasoro za ujenzi zinazobomoa jengo, hata kasoro ikiwa ya udongo; hiyo ina bima yake ya pekee na haikai ndani ya RC ya kawaida. Kati ya wafanyabiashara, sheria ya OHADA inatoa miaka 5 ya kudai. Ulinzi wa mwaka mmoja baada ya kufunga ni mfupi mno kwa mtu yeyote anayetia sahihi.

Pesa. Plafoni ni kiasi cha juu ambacho kampuni itatoa, na huandikwa mara mbili: kwa kila dai na kwa mwaka mzima. Ukiona dola 50.000 kwa dai na dola 50.000 kwa mwaka, maana yake dai la kwanza kubwa la Februari linakuacha mtupu hadi Desemba. Franshizi ni sehemu unayojilipia mwenyewe. Mfano, 10% na si chini ya dola 1.000: hasara ya dola 18.000, unatoa 1.800, kampuni inatoa 16.200, hasara ya dola 900, unatoa yote. Angalia pia gharama za mwanasheria na eksperti ziko wapi. Zikiwa ndani ya plafoni, zinaikula. Plafoni ya dola 20.000, utetezi umekula 6.000, zimebaki 14.000, mahakama ikiamua 19.000, dola 5.000 zinatoka mfukoni mwako pamoja na franshizi. Zikiwa nje, utetezi hauigusi plafoni. Tofauti ya ada kati ya mikataba hiyo miwili mara nyingi si kubwa kama watu wanavyodhani. Uliza bei zote mbili. Na sarafu iwe moja: ukifanya kazi kwa fakture (ankara) za dola, usikubali plafoni ya franka.

Ada yenyewe huhesabiwa kutokana na kazi unazozitaja na mapato ya mwaka. Hapo ndipo watu wanapojidhuru kwa mikono yao. Wanataja mapato madogo ili ada ishuke. Kampuni ikigundua, na huwa inagundua kwa sababu baada ya hasara eksperti anaomba matangazo ya kodi na fakture, inatumia kanuni ya uwiano. Umetaja dola 60.000, mapato ya kweli 100.000, umelipa 60% ya ada iliyostahili. Hasara ya dola 20.000 italipwa 12.000. Huo ni upande mwema, pale inapoonekana ulikosea tu. Ikithibitika ulidanganya kwa makusudi, mkataba unafutwa na ada hazirudi.

Kutotaja kazi ni kubaya kuliko kutotaja mapato. Mkataba ukisema « umeme wa majumbani » na wewe umekubali kufunga transfoma kwenye karakana ya mgodi, hakuna uwiano hapo, hakuna kitu. Wenye makampuni ya sutretansi wanapata kazi mpya kila baada ya miezi miwili, na ni heri, lakini kila kazi ya aina mpya inataka barua kwa kampuni ya bima na avenanti, yaani ukurasa wa nyongeza, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Vilevile kazi unayompa fundi mwingine. Dhima ya fundi huyo haiingii kwako bila kutajwa. Mwombe atestasio yake na upige simu kwa kampuni iliyoitoa kuthibitisha kwamba ada imelipwa.

Mambo mengine kwa kifupi. Kuvuka Kasumbalesa kwenda kufanya kazi Zambia kunahitaji kipengele cha mipaka, maana mikataba mingi inaishia kwenye ardhi ya Kongo. Mfanyakazi wako mwenyewe akiumia kazini, hilo ni la CNSS. RC haichukui nafasi yake na usiruhusu mtu akuambie vingine. Vita na ghasia havimo. Uchafuzi unaoingia polepole, kama mafuta machafu ya gereji yanayomwagwa chini mwaka baada ya mwaka hadi kwenye kisima cha jirani, haumo pia. Wa ghafla, kama pipa lililopasuka, unaweza kuongezwa. Na zile ahadi unazotia sahihi kwenye kontra ya mgodi, kwamba utalipa kila hasara hata isiyo kosa lako, au adhabu ya kila siku ya kuchelewa, bima haizifuati. Inalipa kile sheria inachokudai, haifiki kwenye kile ulichojitwika kwa kalamu. Kabla ya kusaini kontra kama hiyo, ipeleke kwa wakala wako aisome sambamba na mkataba wa bima.

Na siku tatizo likitokea? Kwanza msaidie aliyeumia: mpeleke hospitali, lipa teksi, toa damu ikihitajika. Utu huo haukuharibii bima. Kinachoiharibu ni karatasi. Hapa kwetu jambo likitokea watu wanakwenda kwa chef wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, wazee wanakaa, na kabla jua halijatua fundi ametia sahihi: « Nakubali kosa, nitalipa dola 3.000 kwa awamu tatu. » Tunaheshimu njia hiyo, imezima ugomvi mwingi. Lakini mkataba wa bima unakukataza kukubali dhima au kupatana bila kampuni kujua, na sahihi ile inaifungulia kampuni mlango wa kutolipa. Unaweza kueleza kilichotokea, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo. Unaweza kusema pole kwa moyo wote. Mwambie chef na wazee kwamba kuna asiransi, mpatano uandikwe baada ya kampuni kuitikia, na umwombe chef aandike hivyo kwenye karatasi yake.

Kisha barua kwa kampuni ya bima, ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba, ambazo ni chache. Ipeleke nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokea wenye tarehe. Simu kwa wakala haitoshi. Piga picha kabla chochote hakijasogezwa. Waya ulioungua, valvu iliyovunjika, kipande cha zege, visitupwe na visirudi kwa mteja: viweke kwenye mfuko, andika tarehe, funga. Ukikuta kwamba ulifunga waya wa milimita 2,5 za mraba mahali palipotaka 6, usiubadilishe usiku kwa siri. Eksperti anaweza kukubali kosa la fundi, maana hilo ndilo bima imenunuliwa kwa ajili yake. Akikuta ushahidi umechezewa, anafunga dosie. Barua ya mahakama ikikufikia, iwe mezani kwa kampuni siku ileile au kesho yake asubuhi, kwa sababu tarehe za kusikilizwa hazimngoji wakala.

Bwana Mhariri, tuna ombi kwa watu wawili. Kwa ofisi za ununuzi za migodi na makampuni makubwa: msiridhike na atestasio. Ombeni masharti maalumu ya mkataba, ule ukurasa wenye kazi zilizotajwa, plafoni, franshizi na tarehe ya nyuma, pamoja na risiti ya ada. Kampuni ndogo yenye mkataba mbovu ikileta hasara, atakayebaki na shimo ni ninyi. Na kwa makampuni ya bima pamoja na sisi mawakala: kila mkataba wa fundi au duka utoke na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja kazi zilizokubaliwa, yasiyolipwa, tarehe, kiasi, na anwani ya kupeleka barua ya hasara, usomwe kwa sauti mbele ya mnunuzi kabla hajalipa. Kifaransa kibaki kuwa maandishi ya sheria. Lakini anayeuza hatari ya nyumba ya mtu kwa lugha ambayo mtu huyo anaisoma kwa shida hajamuuzia ulinzi.

Mikataba mingi inaisha Desemba 31. Anayetaka kuirekebisha aanze Oktoba: aombe kwa kampuni yake orodha ya hasara za miaka mitatu iliyopita, aandike upya kazi zake zote na mapato ya kweli, aulize bei kwa makampuni mawili au matatu yenye leseni kwa maswali yaleyale, na ahifadhi majibu yaliyoandikwa. Wiki ya mwisho ya Desemba hakuna anayesoma dosie vizuri, wala kwa muuzaji wala kwa mnunuzi.

Wasomaji wenu, mawakala wa bima,
Lubumbashi